Kompyuta sita, nizichunge kwa kipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta sita zinazoendesha BOINC, ile programu ya kukopesha nguvu ya kompyuta kwa miradi ya kisayansi: nne za Linux zisizo na skrini, mbili za Windows. Kila jioni nazizungukia moja moja. Juzi nimekuta moja imekwama siku tatu, nami sina habari. Nimesoma kuhusu BoincTasks, boinctui, Prometheus na Grafana hadi nimechanganyikiwa. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Prometheus na Grafana ziache kwanza. Ninazitumia kazini na nazipenda, lakini kwa mashine sita utajikuta unalea mitambo ya kuchungia huku kazi zenyewe zimelala.

Chukua BoincTasks, uiweke kwenye Windows mojawapo. BOINC Manager uliyo nayo inaweza kuifikia kompyuta ya mbali, ila hukuonyesha moja tu. Ukitaka nyingine, unahama. BoincTasks inazipanga zote kwenye jedwali moja. Humo mimi hukimbilia safu ya asilimia ya CPU. Kazi iliyoandikwa kwamba inaendeshwa, huku asilimia yake ikikaribia sifuri saa nzima, hiyo ndiyo ile yako ya siku tatu. (Kazi za GPU, yaani za kadi ya michoro, usizihukumu hivyo, nyingi hutumia CPU kidogo tu.)

Kwenye kila Linux utagusa mafaili mawili. gui_rpc_auth.cfg lina nenosiri, weka lako. remote_hosts.cfg lina anwani za kompyuta zinazoruhusiwa kuingia. Andika ya hiyo Windows. Wengi hulisahau hili la pili, kisha wanailaumu programu. Mawasiliano hupitia poti 31416, tarakimu za pai ikikadiriwa kuwa 3.1416. Poti hiyo usiifungue kwa intaneti hata siku moja. Ukiwa mbali na nyumbani, ingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali kwa maandishi), na hapo boinctui itakufaa sana: inakaa ndani ya teminali, haihitaji dirisha. Ukitaka jibu la haraka tu, amri ya boinccmd --get_tasks inatosha.

Sasa nikuungamie jambo. Niliwahi kuwa na jedwali safi kabisa, kila mstari unakwenda, na bado kazi nyingi zikarudi zimepitwa na tarehe ya mwisho. Nilikuwa nimeagiza akiba ya kazi za siku kumi, kisha nikazima mashine mbili siku kadhaa. Tarehe zilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye safu niliyoificha ili jedwali lipendeze! Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, fungua mipangilio ya BOINC, shusha akiba iwe nusu siku, na safu ya tarehe ya mwisho iache ionekane.