Multimeta haijui mwaka: mikro na waya za gitare ya zamani

SWALI: Papa fundi, jambo. Marehemu baba alituachia Stratocaster (Strat), gitare ya umeme ya kiwanda cha Fender cha Marekani, alipiga nayo kwenye orkestra hapa Lubumbashi miaka ya 70. Kwenye kisigino cha shingo kuko muhuri wa 1968, lakini nyuma ya poti ya volimu, kile kifaa chini ya kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, nasoma 1376633. Fundi mmoja wa kwetu Katuba alipima mikro, zile koili zinazonasa sauti ya kamba, na multimeta, akapata kilo-omu 5,7 na 5,9, na ile ya karibu na daraja 6,4. Anasema hii ya tatu siyo ya kwake, poti pia si zake, na waya zimeoza njo maana gitare inavuma. Anataka nimuachie wiki moja abadilishe vyote, dola 80. Nimuachie?

JIBU: Usimuachie. Na kama gitare iko kwake tayari, acha kusoma hapa, panda teksi uende kuichukua, tutaongea ukirudi.

Haya. Tuanze na poti juu njo rahisi. 137 ni namba ya kiwanda, CTS wa Marekani (ingekuwa 304 ni Stackpole), 66 ni mwaka 1966, 33 ni wiki. Fundi wako ameona poti ya 66 ndani ya gitare ya 68 akafikiri amekamata mwizi. Mwaka ule wa 1966 Fender walinunua poti mzigo mkubwa sana, wakaendelea kuzifunga kwenye magitare hadi karibu na mwisho wa miaka ya 60, kwa hiyo Strat ya 68 yenye poti za 66 ni kitu ya kawaida, ningeshangaa zaidi kama zingekuwa za 68. Poti inakuambia gitare haikufungwa kabla ya ile wiki, basi, haisemi kingine. Ingekuwa kinyume, poti ya 1974 kwenye shingo ya 68, hapo ningevuta kiti nikuulize maswali.

Sasa multimeta. Mwanangu, hii mambo imenichosha. Kila wiki mtu ananitumia picha kwenye simu, nafungua nikifikiri nitaona gitare, kumbe ni kioo cha multimeta, 6,2, na chini ameandika "papa ni original?" Sijui! Umenitumia picha ya kipima joto unaniuliza mgonjwa anaitwa nani.

Multimeta inapima kitu moja tu, umeme unapata taabu kiasi gani kupita kwenye waya, njo zile omu. Hiyo taabu inatoka kwa urefu wa waya, unene wake, na joto lake. Mwaka haumo. Jina la kiwanda halimo. Sumaku pia haimo, ungeweza kuweka misumari mahali pa sumaku na multimeta ingekuonyesha namba ileile. Waya ya mikro ya Strat ni nyembamba kama unywele, milimita 0,063 hivi, ile inaitwa namba 42, inazungushwa mara elfu saba, elfu nane. Mtu akichukua waya nyembamba zaidi, namba 43, anazungusha mara chache anafika kwenye omu zilezile, na sauti ni ingine kabisa.

Alafu joto. Sisi watoto wa Katanga tumezaliwa juu ya mukuba na bado tunasahau tabia yake, shaba ikipata joto omu zinapanda, karibu asilimia 4 kwa kila digrii 10. Umeniandikia mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua, na najua mafundi wetu wanafanyia kazi nje barazani. 6,4 kwenye digrii 33 ni kama 6,1 kwenye digrii 20. Ungempelekea mwezi wa saba asubuhi, na ile baridi yetu, angekuambia mikro imepona.

Utaniambia sawa papa, lakini zote tatu zilikuwa kwenye jua moja, mbona moja imezidi? Juu kule kiwandani Fullerton, California, mikro hazikuwa zinatoka sawasawa zote, waya ikivutwa kidogo zaidi inanyooka inakuwa nyembamba, mizunguko ikizidi omu zinapanda. Strat za zamani utakuta 5,5, utakuta 6,5, ndani ya gitare moja ambayo haijawahi kufunguliwa. Gibson, kiwanda kingine cha Marekani, walikuwa hivyohivyo, zile mikro zao za mwisho wa miaka ya 50 zinacheza kati ya 7 na 9. Ukinionyesha namba tatu zinazofanana ndiyo naanza kuogopa. Niliwahi kuletewa Strat na mtu aliyeinunua bei ya kiwanja, mikro tatu, 6,0 na 6,0 na 6,0, yeye anafurahi. Nikafungua kifuniko cha plastiki cha ya kwanza: waya nyekundu inang'aa kama pipi, mtu amefumua rele mahali akazungusha huku multimeta iko pembeni, ikifika 6,0 anakata. Ile multimeta ilimdanganya mnunuzi kwa sababu mwizi naye alikuwa nayo.

Tena, fundi wako alipimia wapi? Kama alichomeka kwenye tundu la kebo bila kufungua, amepima mikro pamoja na poti ya volimu. Poti ya omu 250 elfu inapunguza 6,0 inakuwa 5,86, na kama volimu haikufunguliwa mpaka mwisho namba inakuwa ya ajabu tu. Kazi ya multimeta kwangu ni kujua mikro iko hai ao imekufa, koili ikikatika haisomi kitu. Hapo naishukuru, naiweka chini.

Kinachoongea ni lehemu. Legeza kamba kwanza, toa skrubu 11 za plastiki ya mbele, weka kwenye kikombe, inua plastiki polepole upande wa chini, waya zinazoenda kwenye tundu la kebo na kwenye springi za nyuma usizivute. Angalia mgongo wa poti ya volimu, pale waya nyeusi za mikro zinakutana. Lehemu ya miaka 50 imekuwa kijivu, imefubaa, na pembeni yake kuko kama asali kavu ya hudhurungi, ni ule utomvu wa kulehemia. Lehemu ya juzi inang'aa, ao imejaa kama tonge. Na tafuta kovu: mahali pamewahi kuwa na lehemu halafu imetolewa, inaacha duara lisilo na waya. Kovu moja linaniambia mengi kuliko namba kumi, juu linamaanisha kuko kitu kilikuwa hapo na hakipo.

Alafu geuza mikro. Bamba la chini mpaka 1964 lilikuwa jeusi, kuanzia mwisho wa mwaka ule likaja la kijivu, na mara nyingi kuko tarehe ya kalamu ao ya muhuri. Waya ya shaba kwa gitare ya 68 inatakiwa iwe na vanishi nyeusi-nyeusi kama divai nzito, ile ya rangi ya dhahabu ni ya kabla ya 64. Waya za nje zinaweza kuwa za kitambaa ao za plastiki, ile miaka njo walikuwa wanabadilisha, usikubali mtu akuambie plastiki ni feki. Na hesabu pozisheni za suichi, ile ya kuchagua mikro. Fender waliweka suichi ya pozisheni tano mwaka 1977, kabla ya hapo ni tatu. Kama yako ni tano, ilibadilishwa, na hiyo siyo aibu, wapiga solo wengi walibadilisha. Ukikuta pia kapasita ya redio, ni mafundi wa hapa waliokoa dansi ya Jumamosi, spea ungeitoa wapi.

Kuvuma: mikro ya koili moja inavuma. Ikiwa mpya inavuma, ikiwa ya 1954 inavuma, inanasa mvumo wa umeme wa SNEL, kampuni yetu ya umeme, kutoka kwenye taa na transfoma. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza, ile haki ya mvumbuzi, ya mikro ya koili mbili mwaka 1955 hasa kwa kupigana na hii. Waya mpya za dola 80 hazitanyamazisha kitu. Ukigusa kamba sauti ikipungua, waya ya ardhi iko sawa, lala usingizi.

Na kuko wale wa upande wa pili, wanaosoma intaneti nusu. Mmoja alikuwa na Gibson ya miaka ya 60, chini ya mikro kuko stika na namba ya hataza 2,737,842, akaitafuta, akakuta ni hataza ya mpiga gitare Les Paul ya kifaa cha kushikia kamba, siyo ya mikro, akapiga kelele feki feki mpaka mwenyewe akaiuza bei ya bure. Kumbe Gibson wenyewe walibandika ile namba, hataza ya mikro ni 2,896,491 na hawakuiandika pale. Stika yenye namba "sahihi" njo ingekuwa na shida! Na ile ya kabla yake, iliyoandikwa tu kwamba hataza imeombwa, siku hizi inachapishwa popote, usinunue gitare kwa sababu ya karatasi.

Nikuambie wanavyofanya, juu nimeona familia nyingi zinalia. Mzee anakufa, gitare iko chini ya kitanda, anakuja mtu na multimeta, anapima, anatikisa kichwa, "mama hii imechanganywa, nikupe 150 nikusaidie." Ao anasema anaenda kusafisha. Gitare inarudi inang'aa, mikro ni za Kichina, na zile za kwake zimeshapita mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia. Hakuna mahali pa kushtaki kwa sababu hakuna picha. Na hata fundi mwenye moyo safi, akishagusa ile lehemu na moto, ushahidi umekwenda, mimi mwenyewe sitaweza kukuambia kitu tena, waya zikiwa zake ao siyo zake.

Kwa hiyo piga picha, mgongo wa kila mikro, mgongo wa kila poti, suichi kwa ubavu, mchana, bila flashi juu flashi inafanya lehemu zote zing'ae. Nitumie hizo. Ukiwa na picha ya baba jukwaani na ile gitare, nitumie pia, nataka kuhesabu skrubu na kuona ile plastiki ya mbele ilikuwa rangi gani.