Ekari 20 Chamwino: barabara ya moto kwanza, mengine baadaye

Mkuu, hicho kiberiti kiweke chini. Umeuliza mbegu za malisho, mizinga ya nyuki na bei ya kukodi trekta, halafu katikati ukapenyeza kwamba mwezi wa tisa utachoma pori ili mvua za Desemba zikukute tayari. Hapo ndipo hela yako yote itateketea.

Dalali anayekwambia "choma tu, majivu ni mbolea ya bure" anataka shamba lionekane jeupe, auze na la pembeni. Hakwambii kwamba naitrojeni, chakula kikuu cha mimea, inaondoka na moshi, na majivu yanayobaki yatapigwa na upepo wa Dodoma miezi miwili mitatu kabla ya tone la kwanza. Mvua ikikuta udongo uko uchi, unavuna korongo. Inaniudhi kwa sababu moto ukivuka mpaka, mara nyingi anayewasha halipi kitu. Anayelipa ni jirani aliyeweka akiba mabua ya mtama ya kulisha ng'ombe mwezi wa kumi.

Barabara ya moto, yaani ukanda uliosafishwa kuzunguka shamba ili moto usivuke, inatengenezwa Mei hadi Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Piga hesabu ya mpaka, siyo ya eneo. Ekari 20 za mraba zina mzunguko wa kama mita 1,140. Ukanda wa mita 6 unakula ekari 1.7 hivi. Shamba likiwa refu jembamba, mita 100 kwa 810, mzunguko unapanda hadi mita 1,820. Majirani wanne wenye mraba kama huo, mashamba yakigusana mawili kwa mawili, mkizungushia kwa pamoja mnasafisha mita 2,280 badala ya 4,560. Gharama ya vibarua inakatika nusu! Ongea nao kabla hujanunua mzinga hata mmoja.

Kwatua hadi udongo mtupu. Wengi wanafyeka tu, mashina ya nyasi yanabaki na moto unatambaa humo humo. Wengine wanarundika nyasi kandokando ya ukanda. Saa nane mchana kisulisuli kinapita, kinabeba makaa hadi ng'ambo, na mita 6 zote zinakuwa kazi bure. Nyasi hizo zitoe, ulishe mifugo.

Kama ni lazima uchome, kwatua mikanda miwili ya mita 2, acha mita 6 katikati, uchome hapo katikati tu: Juni, jioni upepo ukitulia, kibali cha kijiji mkononi, watu sita wenye matawi mabichi na mabomba ya mgongoni ya lita 16 yaliyojaa maji. Samadi kavu na visiki vinaficha moto siku kadhaa. Rudi kesho yake, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki. Penye joto fukua, mwagia maji.

Juni ikishapita, mwaka huo usichome kabisa. Plau ya ng'ombe haizami kwenye ardhi iliyokauka hivyo, kwa hiyo weka vibarua wakwatue ukanda wa mpakani kwa jembe la mkono, na pori liache hadi mvua zinyeshe ulifyeke likiwa bichi.