Kalipa robo ya flati, mbona bado anadaiwa kodi?

Shikamoo mama. Umeuliza kama mwanao aliyeko London katapeliwa, maana kanunua robo ya flati na bado analipa kodi. Hajatapeliwa. Ndivyo mpango wa umiliki wa pamoja wa kule England ulivyo: unanunua sehemu, kwa kawaida kuanzia asilimia 10 hadi 75, inayobaki unailipia kodi ya pango. Chukua flati ya pauni 200,000: robo ni 50,000, na kodi ya asilimia 2.75 kwa mwaka kwa ile 150,000 iliyobaki ni kama pauni 344 kwa mwezi.

Ila aangalie sana gharama za huduma, yaani bima ya jengo, lifti, usafi wa ngazi. Hizo hazipunguzwi eti kwa kuwa ana robo tu, fungu la flati yake analibeba lote. Mimi ndizo zilizonibana nilipokuwa huko. Barua ya kunidai hizo gharama niliisoma mara tatu, nimesimama mlangoni na koti mwilini.

Akitaka kuongeza sehemu, atauziwa kwa thamani ya siku hiyo, si ya alipoanza, na gharama ya mthamini atailipa yeye mwanao. Mwambie akutumie mkataba. Nipo hapa Ngamiani, uje nao tuusome.