Kabla ya kununua jiwe la chumvi, angalia ng'ombe wako wanakula nini

Wafugaji wenzangu huku Misungwi huniuliza sana jiwe gani la kulamba ni zuri kwa ng'ombe wa nyama. Nami huwauliza kwanza: ng'ombe wako wanachungwa, au umewafungia unawanenepesha? Mahitaji ya makundi haya mawili yanapishana kabisa, lakini dukani yote mawili huuziwa jiwe lilelile.

Ng'ombe wa kuchungwa mara nyingi hukosa fosforasi na chumvi, kwa sababu nyasi zetu hazina vya kutosha. Utamwona anaokota mfupa na kuutafuna, au analamba udongo. Usilipuuze hilo. Mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu ya botulizimu, ambayo humpooza mnyama mpaka anashindwa kusimama, na wengi hawaponi.

Kundi la namna hii mimi nalipatia DCP (unga wa madini uitwao dikalsiamu fosfeti) na chumvi ya kawaida, nusu kwa nusu, ndani ya hori lililoezekwa ili mvua isiharibu. DCP inaleta fosforasi na kalsiamu. Chumvi ndiyo inayowavuta, maana DCP tupu hawaipendi. Lenga gramu 50 hadi 100 kwa ng'ombe mkubwa kwa siku. Mwenye ng'ombe 20 akilenga gramu 60 atahitaji kilo 1.2 kwa siku, yaani kilo 8.4 kwa wiki. Pima kilichobaki kila wiki. Kikiisha mapema mno, punguza wingi unaoweka kwa mara moja. Wakiacha, ongeza chumvi kidogo. Na maji yawepo muda wote.

Mawe ya kulamba yana urahisi wake, hayamwagiki wala hayapeperuki, ila yaliyo magumu sana hayalambiki vya kutosha. Soma lebo. Kama fosforasi haikutajwa, umenunua chumvi, basi ilipie bei ya chumvi.

Kuna jambo la msimu ambalo wengi hawalizingatii. Kiangazi nyasi zikikauka, kinachopungua kwanza ni protini, na madini peke yake hayataongeza nyama. Fosforasi inalipa zaidi masika, nyasi zikiwa mbichi na mnyama anakua kwa kasi. Kwa hiyo kiangazi hela yangu ya kwanza inakwenda kwenye mashudu ya pamba, ya pili ndiyo madini.

Sasa wanenepeshaji, na hapa naomba mnisikilize sana. Mashudu ya pamba na pumba za mpunga, vyakula tunavyovitegemea Kanda ya Ziwa, vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ukiongeza DCP juu yake unazidisha kilichokwisha kuzidi. Matokeo yake ni mawe kwenye njia ya mkojo, hasa kwa maksai, kwa kuwa mrija wao ni mwembamba. Ukiona dume anajikamua, mkojo unatoka matone matone au una damu, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kibofu kikipasuka umempoteza. Kinachotakiwa kwao ni chokaa ya mifugo, kilo 1 hadi 2 katika kila kilo 100 za mchanganyiko, pamoja na chumvi itakayowafanya wanywe maji kwa wingi. Chokaa ya kupaka nyumba haifai, inaunguza.

Magadi siyashauri. Mengi ya magadi ya ukanda wetu yana floridi nyingi, na mnyama akila miaka kwa miaka meno yanaharibika na mifupa inadhoofika.

Wenye kondoo ndani ya kundi nao wawe macho. Madini ya ng'ombe yenye shaba huua kondoo, kwani ini lao huilimbikiza. Inua hori la ng'ombe ili kondoo wasilifikie, au baki na mchanganyiko wa DCP na chumvi tu, ambao hauongezwi shaba.