Jibu: Kwa nini watafiti wa meno waliuliza kuhusu magadi

Ndugu, umeuliza kwa nini watafiti waliofika kwenu Arumeru kuchunguza meno ya watoto walitaka kujua pia mnavyopika, na kama kuchemsha maji kunaondoa floraidi, yaani madini yaliyomo majini ambayo yakizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia.

Nianze na la pili: hakuondoi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyozidi kukolea.

Asili ya floraidi hiyo ni miamba ya volkeno inayouzunguka Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ilhali Tanzania, kwa uhaba wa maji vijijini, iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8. Hata hivyo maji peke yake hayakueleza kila kitu, kwa kuwa madoa ya kahawia yalionekana hata kwa watoto waliokunywa maji yenye floraidi kidogo. Ndipo watafiti walipotazama jikoni, kwenye lile donge la magadi linalotiwa chunguni ili makande yaive upesi, wakakuta nalo limebeba floraidi. Kwangu mimi, swali hilo la upishi lina thamani kubwa, kwani mama anaweza kuacha magadi leo hii bila kusubiri mradi wa maji.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeendeleza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita. Maji hayo myatumie kupikia pia, hasa chakula cha wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi.