Yupi kati yetu aliyezeeka zaidi?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na nina umri wa miaka 52. Mdogo wangu, ambaye tumepishana miaka sita, ni mvuvi wa Sahare, na kila tukikaa barazani wageni humwamkia yeye kwanza wakidhani ndiye mkubwa, kwa jinsi uso wake ulivyojaa makunyanzi. Hata hivyo, yeye hushona nyavu zake bila miwani, ilhali mimi kutunga uzi kwenye sindano kumenishinda. Ni nini hasa kinachomzeesha binadamu?

JIBU: Ndugu msomaji, wageni wenu wanaitazama ngozi, na ngozi si shahidi wa kutegemewa. Mionzi ya urujuanimno ya jua, ambayo mvuvi huipata kutoka juu na nyingine kidogo ikirudishwa na maji, huharibu nyuzi za kolajeni zinazoikaza ngozi. Weusi wetu hupunguza madhara hayo, lakini hauyazuii yote.

Kuzeeka kwa ndani hakuna chanzo kimoja, na anayekuuzia dawa ya chanzo kimoja mtilie shaka. Mwaka 1961 wanasayansi Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara hujigawa mara 50 hivi, kisha hukoma. Baadaye ilifahamika kwamba seli inapojigawa, ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), ziitwazo telomea, hupungua urefu, hata seli ikakoma kujigawa. Lakini panya wa maabara ana telomea ndefu kuliko zetu, naye huishi miaka miwili au mitatu tu! Yapo, basi, na mengine: kasoro zinazolimbikizana katika DNA, yaani kemikali ya vinasaba, na seli zilizoacha kujigawa ambazo hazifi, bali hutoa kemikali zinazowasha uvimbe kwa jirani zake, mithili ya mpangaji asiyelipa kodi wala asiyehama.

Ama macho yako, protini zilizo katika kiini cha lenzi hazibadilishwi kamwe. Ulizaliwa nazo, na ndizo unazozitumia leo. Kila mwaka lenzi huongezewa tabaka jipya juu ya yale ya zamani na kuzidi kukakamaa, hata mtu akiingia miaka ya arobaini huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Mdogo wako naye amekwisha kuifikia miaka hiyo, ila matundu ya wavu ni mapana. Mpe sindano yako jioni moja, atunge uzi.