Mstaafu Ahesabu Mifugo Yake kwa Kiangazi

Masika yakishatulia, hunijia wenzangu wa zamani kutoka Changamwe na Mikindani, Mombasa, watu wanaokaribia miaka 60, ambayo ndiyo umri wa kustaafu katika utumishi wa umma wa Kenya, wakitaka kujua ni ng'ombe wangapi wanaofaa kununuliwa kwa kiinua mgongo. Huja wakati ambapo upande huu wa Matuga, kutoka Ng'ombeni hadi Kombani na kupanda kuelekea Kwale, nyasi zimefika kiunoni na kila mbuzi ana tumbo lililojaa. Jibu langu halibadiliki: usihesabu kwa ekari wala kwa fedha zilizoko benki. Hesabu kwa maji na malisho utakayokuwa nayo mwezi wa Februari, kisha uipunguze hesabu hiyo ukikumbuka siku utakayolala na homa na mifugo ikamhitaji mtu mwingine.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayoamua mengine yote. Masika ya pwani huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kushika nguvu Mei. Vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na iko miaka ambayo haina la maana. Baada ya hapo kaskazi huvuma Januari hadi Machi, jua likawaka, madimbwi yakakauka na visima vilivyo karibu na bahari vikazidi chumvi. Anayehama kutoka mjini hudhani kuwa shida ya maji ameiacha kwenye mifereji ya Mombasa, kumbe huku atakuwa yeye mwenyewe ndiye kampuni ya maji.

Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi. Kila milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Ukanda wetu hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo paa la mita za mraba 60 huteremsha kiasi kinachokaribia lita 60,000, na hata ukiondoa yanayomwagika na yanayofurika bado ni maji mengi. Kinachokosekana ni mahali pa kuyahifadhi. Ng'ombe anayekamuliwa, katika joto letu, hunywa lita 50 kwa siku au zaidi; mbuzi mzima hutosheka na lita tano hivi. Kwa siku 90 za kiangazi, ng'ombe mmoja atamaliza lita 4,500, na mbuzi wanane watamaliza lita 3,600. Hao peke yao wamekunywa lita 8,100 kutoka tangi la lita 10,000, na bado hujawanywesha kuku wala kuosha vyombo vya maziwa, mbali na matumizi ya nyumba. Ndiyo sababu humwambia mtu anunue tangi kwanza, aweke mifereji ya bati kuzunguka paa lote, ndipo aende mnadani. Nyumba ya makuti ni nzuri sana kwa usingizi wa adhuhuri, lakini maji yake ni machafu na machache. Mwenye kupenda makuti na aezeke banda la mifugo kwa bati.

Malisho nayo yana hesabu yake, na hapa umri huingia. Ng'ombe wa maziwa mwenye mwili mkubwa hula kilo 50 au 60 za majani mabichi ya nepia kila siku. Kuyakata, kuyabeba na kuyakatakata ni kazi ya kijana, nami sioni fahari ya mtu wa miaka 63 kubeba mzigo huo kichwani ili aonekane bado ana nguvu. Ukitaka ng'ombe, mchukue mmoja, chotara, mwenye damu ya kienyeji ya kutosha kustahimili joto na maradhi, na upande nepia karibu na zizi badala ya mwisho wa shamba. Mpakani panda lusina na glirisidia, miti ambayo mizizi yake huingia chini na kubaki na majani wakati nyasi zimekuwa kahawia. Majani ya lusina yasizidi sehemu ndogo ya chakula cha siku, kwa sababu yana sumu inayoweza kumpukutisha mnyama manyoya akilishwa kwa wingi. Mabua ya mahindi yakusanywe mara tu baada ya mavuno na kuwekwa juu, mahali pakavu, kabla mchwa hawajayafikia. Kuku watafurahia machicha ya nazi yanayobaki jikoni, mradi yawe ya siku hiyo hiyo, kwani yakichacha huwaharisha.

Kwa maoni yangu mbuzi ndiye mnyama wa mstaafu. Hubeba mimba kwa miezi mitano tu, hula majani ya vichaka ambayo ng'ombe huyadharau, na ukipatwa na haja ya fedha unaweza kumuuza mmoja bila kuivunja mali yote, jambo lisilowezekana kwa mwenye ng'ombe mmoja. Banda lake liinuliwe kutoka ardhini, sakafu yake iwe ya mbao zenye nafasi za kupitisha mavi na mkojo, kwa kuwa unyevu wa masika ndio unaowaharibu miguu na mapafu.

Kama utapunguza mifugo kabla ya kiangazi, na ni lazima upunguze, uza mwanzoni mwa Desemba. Wanyama wangali na miili ya vuli, na wanunuzi wana haja ya nyama ya sherehe za mwisho wa mwaka. Ukingoja Januari utakutana sokoni na kila mzazi anayetafuta karo ya shule, na mnunuzi anayejua kwamba wauzaji wote wana haraka hana sababu ya kupandisha bei.

Siku ya mfugaji huanza kabla ya adhana ya alfajiri kumalizika masikioni. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa saa zile zile, asubuhi na jioni, na ukichelewa maziwa hupungua na kiwele huweza kuvimba. Sharti hili ndilo linalowashangaza watu wa mjini kuliko ugumu wa kazi yenyewe. Harusi ya Kibokoni haina saa, maziko hayangoji, na wewe uliyestaafu ndiye unayetarajiwa kuhudhuria yote kwa kuwa watu husema huna kazi. Kutoka Kombani hadi kisiwani unapaswa kuvuka kwa feri ya Likoni, na foleni ya magari haina ahadi. Mwenye gari sasa aweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini bila kuvuka, ila anayekwenda mjini kati bado ana safari ndefu. Nimejiwekea siku moja katika juma ya kwenda mjini, na ndugu zangu wanaijua. Mambo yote ya benki, dawa, kumjulia hali mgonjwa na kutoa rambirambi hukusanywa siku hiyo, ila msiba wa karibu.

Hilo haliwezekani bila mtu wa kukushikia. Kijana wa kazi atakwenda kwao, na ana haki ya kwenda, hivyo pawepo na jirani anayejua kukamua ng'ombe wako na ambaye ng'ombe wako anamjua. Mimi na jirani yangu tumepatana kwamba yeye huwaangalia mbuzi wangu ninapokuwa safarini, nami kwa malipo humpa kitoto kimoja cha mbuzi kila msimu wa kuzaa, chaguo likiwa lake. Mapatano ya namna hii yasemwe waziwazi mbele ya wake wa pande zote mbili, kwani aghalabu wao ndio wanaokumbuka sawasawa kilichosemwa.

Kuhusu maradhi, nitataja yale ambayo mgeni wa shamba hapaswi kujifunza kwa hasara. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio, na dalili yake ya mapema ni homa pamoja na kuvimba kwa tezi chini ya sikio. Ndigana hii humuua haraka ng'ombe wa kizungu. Nyunyiza dawa ya kupe kila juma, ukiyafikia masikio, kwapa na chini ya mkia. Aliye jirani na msitu wa Shimba Hills ajue pia kwamba kuna mbung'o, ambao hueneza nagana: mnyama hula lakini hukonda, hupauka fizi na huenda akatupa mimba. Kuku wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa kideri kila miezi mitatu, wote siku moja, na chanjo ikaribishwe jirani kwa jirani, maana kuku wa kijijini hawajui mpaka. Kunguru wa mjini nao wamehamia huku, nao hubeba vifaranga mchana kweupe. Vifungiwe hadi vitimize wiki sita hivi. Ununuapo mnyama kutoka mbali, dai kibali cha kumsafirisha kilichotolewa na daktari wa mifugo, kisha mtenge na wengine kwa wiki tatu, hata muuzaji akiwa shemeji yako.

Tena jilinde wewe mwenyewe. Maziwa yachemshwe, hata kwa yule mzee anayesisitiza kuwa matamu zaidi yakiwa mabichi, kwa sababu homa ya brusela humpata binadamu kwa njia hiyo na huuma viungo kwa miezi. Mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu. Vaa mabuti zizini na uwe umechanjwa pepopunda. Kabla ya kuhama, hakikisha kwamba usajili wako katika SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uko sawa, kwani asiye na mshahara hukadiriwa mchango kwa kipato cha kaya na hutakiwa kuulipa kwa mwaka mzima. Tena tembelea kituo cha afya kilicho karibu nawe ujue kama kina dawa zako za presha au sukari. Wako wastaafu wanaojua bei ya kila ndama na hawajui zahanati yao hufungwa saa ngapi.

Limebaki suala la Idi ya kuchinja, ambalo kwa mfugaji wa pwani ndilo soko kubwa na pia ndilo jaribu kubwa la undugu. Mbuzi wa udhuhiya sharti awe ametimiza mwaka, asiye kilema, chongo wala mgonjwa. Ukijumlisha miezi mitano ya mimba, dume apandishwe kiasi cha miezi 18 kabla ya Idi unayoikusudia. Hesabu hiyo hurudi nyuma, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi: mwaka 2026 Idi ni mwishoni mwa Mei, nyasi zikiwa tele, lakini kufikia 2032 na 2033 itaangukia Machi, mbuzi wakiwa wamedhoofika kwa kiangazi. Atakayetaka kuuza mnyama mnene wakati huo atahitaji mabua na majani ya akiba kuanzia Desemba. Ama ndugu watakaopiga simu kutaka mbuzi "kwa bei ya nyumbani", mke wangu na mimi huketi mwezi mmoja kabla, tukachagua wale wa kutoa na wale wa kuuza, tukawatia alama ya rangi kwenye pembe, na atakayepiga simu baada ya hapo huambiwa bei ya soko na yeyote kati yetu atakayeipokea.